Kabla Hujauaga Ugali: Mwongozo wa Wanga Kidogo kwa Jicho la Ayurveda

Sushruta, tabibu wa Kihindi ambaye jina lake limebebwa na kitabu cha tiba chenye umri wa karibu miaka 2000, aliwagawa wagonjwa wa mkojo mtamu mafungu mawili. Kuna aliyezaliwa na ugonjwa wake: amekonda, ngozi imemkauka, anakula kidogo, kiu haimwishi, hatulii mahali pamoja. Na kuna aliyeutafuta kwa mdomo wake: mnene, mlaji, ngozi ya mafuta, mtu wa kukaa na kulala. Kisha akatoa agizo ambalo lingefaa kutangulia kila ratiba ya mlo inayosambazwa WhatsApp: mwembamba alishwe, mnene apunguziwe.

Mwongozo huu umesimama juu ya agizo hilo. Anayesikia habari za keto na mlo wa wanga kidogo huuliza hapo hapo, "Sasa nile nini?" Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hutangulia kuuliza mengine: anayekula ni nani, tumbo lake lina nguvu gani ya kusaga, na anakula saa ngapi. Haina hesabu ya gramu wala haijui insulini. Lakini kwenye suala la nani apunguze wanga na nani asithubutu, kwa maoni yangu imesema mambo ya maana kuliko vitabu vingi vya mlo vinavyouzwa leo.

Wewe ni yupi?

Kabla hujagusa sufuria, jipime. Nenda kituo cha afya asubuhi ukiwa hujala kitu tangu usiku. Sukari ikifika 7.0 au zaidi (kwa kipimo cha mmol kwa lita), na kipimo cha pili kikathibitisha, una kisukari. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, uko mlangoni.

Halafu jitazame. Kama uzito umeshuka bila wewe kutaka, unakunywa maji na kiu iko pale pale, unaamka usiku mara kadhaa kukojoa, basi wewe ni yule mwembamba wa Sushruta na mlo wa wanga kidogo si wako. Mwili uliokosa insulini hauwezi kuitumia sukari, hivyo huanza kuyeyusha mafuta bila kipimo, na damu hugeuka tindikali. Hapo, asipotibiwa, mtu anaweza kufa ndani ya siku chache. Kabla insulini haijadungwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza, mjini Toronto mwezi Januari 1922, madaktari waliwanyima wanga watoto wenye kisukari cha aina hii. Walichoambulia ni kuisogeza mbele siku ya kifo huku mtoto akikonda mbele ya macho yao.

Wala si watoto tu. Mwezi Aprili 2025, kwenye mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua kisukari cha aina ya tano, kinachowapata watu wembamba walioishi na utapiamlo, wengi wao wakiwa Asia na Afrika. Watafiti wa chuo cha tiba cha Vellore, kusini mwa India, ni kati ya waliowachunguza wagonjwa hao kwa miaka mingi. Kumwambia mtu kama huyo aache ugali ni kumwongezea njaa juu ya njaa. Kwa hiyo wewe uliyekonda na una sukari juu, usifuate ushauri wa shoga yako aliyepungua kilo 12. Muone daktari, na mwambie waziwazi kwamba umekonda.

Sasa upande wa pili. Kiuno kinapita sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke, ukishakula wali mchana usingizi unakuangusha ofisini, na nyumbani kwenu mama au baba ana kisukari cha ukubwani. Wewe ndiye mnene wa Sushruta. Kupunguza wanga kunaweza kukufaa sana, na sehemu kubwa ya yafuatayo inakuhusu.

Matabibu wa Ayurveda, ambao kwao huitwa vaidya, huingia ndani zaidi kwa kutazama maumbile matatu. Mtu wa kapha ana mwili mpana, usingizi mzito na tumbo linalochelewa kusaga. Anaweza kuruka kifungua kinywa asione tofauti. Huyu nafaka zikipungua hufurahi. Mtu wa pitta ana joto na njaa kali, na chakula kikichelewa nyumba nzima inajua. Yeye aache vitamu vya dukani, abaki na nafaka za wastani, na asijazie pengo kwa nyama na pilipili. Mtu wa vata ni mwembamba, mikono baridi, choo kigumu, usingizi wa kuruka ruka. Ukimkatia nafaka ukamwachia kachumbari, karanga na maji ya friji, unamkausha zaidi. Kukosa choo ni miongoni mwa malalamiko ya kawaida ya watu wa keto, na vaidya angekutajia mapema ni nani atakayelalamika kwanza. Mimi nayachukua maumbile haya kama maswali ya kujichunguza. Hayachukui nafasi ya maabara. Mzee wa Pwani aliyekulia kwenye mazungumzo ya vyakula vya baridi na vya joto hataona ugeni mkubwa hapa, ingawa elimu yake ilifika kwa njia ya Waarabu walioitoa kwa Wayunani.

Alichokataza Charaka

Kitabu kingine kikuu cha Ayurveda kina jina la Charaka. Humo maradhi ya mkojo, kwa jumla prameha, yamehesabiwa aina 20, na chanzo chake kimetajwa bila kificho: starehe ya kukaa, starehe ya kulala, mtindi, maziwa na mazao yake, mchuzi wa nyama za kufugwa na za majini, nafaka mpya, na vyote vinavyotengenezwa kwa sukari guru. Dalili mojawapo ya mwanzo ni sisimizi kuuandama mkojo.

Isome orodha hiyo tena taratibu. Sehemu moja ni wanga na sukari, kama tunavyotarajia. Sehemu iliyobaki inafanana mno na sahani ya keto: nyama nono na mazao ya maziwa. Aliyeacha chapati akahamia jibini, krimu na mishikaki kila usiku, kwa Charaka bado yumo kwenye orodha. Ndiyo maana najizuia kucheka ninapoona keto ikiuzwa kwa jina la Ayurveda, eti kwa sababu zote mbili zinasifu samli. Ayurveda inaisifu samli kwa kijiko, na kwa mwenye tumbo la kuisaga.

Kwa mgonjwa mnene kanuni yake ni ya werevu: mpe kilicho kizito tumboni lakini kisichojenga mwili sana, ashibe bila kunenepa. Nafaka aliyoitanguliza ni shayiri. Kuna uji wake, mikate yake, unga wake wa kukaanga, na kuna shayiri ya kulowekwa usiku kucha kwenye maji ya triphala, mchanganyiko wa matunda matatu makavu, kisha ikaliwa na asali. Alifika mbali hadi kuisifu shayiri iliyokwisha kupita tumboni mwa punda, farasi na ng'ombe ikaokotwa kwenye kinyesi. Hilo tumwachie mwenyewe. Lakini kuhusu shayiri yenyewe alikuwa na macho: ina nyuzi ziitwazo beta-glukani zinazofanya ute mzito tumboni na kuichelewesha sukari kuingia kwenye damu. Pembeni ya shayiri aliweka choroko, mboga chungu, na nafaka zilizokaa ghalani mwaka mzima badala ya zile zilizotoka shambani juzi.

Na hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Sushruta anamwelekeza mgonjwa asiye na mali atembee yojana 100, yaani mamia ya kilomita, bila viatu wala mwavuli, akiishi kwa sadaka, asilale kijiji kimoja zaidi ya usiku mmoja. Wengine wachimbe kisima. Wewe hutachimba kisima, lakini usidanganyike kwamba sahani peke yake itafanya kazi yote.

Hesabu ambazo Charaka hakuzifanya

Kwa kawaida mlo huitwa wa wanga kidogo ukishuka chini ya gramu 130 kwa siku, na wa keto ukishuka chini ya 50 hivi, kiasi ambacho ini huanza kutengeneza ketoni ziwe kuni za mwili badala ya sukari. Keto haikubuniwa kwa ajili ya vitambi. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo inatumika kwa watoto ambao dawa zimeshindwa kuzuia degedege zao, chini ya uangalizi wa karibu.

Sasa tazama sahani yako. Kikombe cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi za wanga, na chapati moja kubwa inakaribia hapo. Soda ya nusu lita inapita gramu 50, maana yake siku nzima ya keto imekwisha kabla hujaketi kula. Gramu 100 za unga wa sembe zina takriban gramu 75 za wanga. Hapa wengi huteleza: dona, ulezi na mtama wanga wake uko karibu pale pale, kilichozidi ni nyuzinyuzi na madini. Kuhama kutoka sembe kwenda ulezi ni hatua njema, ila ukijipakulia bonge lile lile hujapunguza kitu. Choroko zilizopikwa, gramu 100, zina wanga wa gramu 19 hivi, nyuzinyuzi kati ya 7 na 8, na protini 7. Parachichi lina gramu 9 kwa kila 100, na sehemu kubwa yake ni nyuzinyuzi. Asali? Kijiko kikubwa kimoja ni gramu 17 za sukari. Charaka aliiruhusu, na Ayurveda inasisitiza isipashwe moto, lakini mita yako ya sukari haisomi vitabu vya kale. Iweke kando.

Utafiti wa kisasa unasemaje? Mwaka 2018 chuo cha Stanford kilitoa matokeo ya watu 609 waliogawanywa nusu wale wanga kidogo, nusu mafuta kidogo, kwa miezi 12. Wa wanga kidogo walishuka wastani wa kilo 6.0, wa mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. La kuvutia zaidi ni kwamba ndani ya kila kundi walikuwepo walioshuka sana na walioongezeka. Mshabiki wa Ayurveda atasema hayo ndiyo maumbile. Taratibu kwanza: watafiti walipima vinasaba na utoaji wa insulini wakitumaini kujua mlo upi unamfaa nani, na vipimo hivyo havikubashiri chochote. Maumbile matatu hayakupimwa. Kinachoweza kusemwa ni kwamba makundi yote mawili yaliambiwa yaache sukari na unga uliokobolewa na yale mboga kwa wingi, na yote mawili yalifaidika.

Kwa aliye na kisukari cha ukubwani mizani inaelemea kwenye kupunguza wanga. Mwaka 2019 Chama cha Kisukari cha Marekani kiliandika kwamba kupunguza wanga kwa jumla ndiyo njia ya ulaji yenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari. India yenyewe, ambako utafiti mkubwa wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2023 ulikadiria wagonjwa milioni 101, haikukimbilia keto. Watafiti wake walichukua taarifa za ulaji za zaidi ya watu 18,000 wakakadiria kwa hesabu kwamba aliyegundulika karibuni anaweza kuurudisha nyuma ugonjwa akishusha wanga hadi kati ya asilimia 49 na 54 ya nishati ya siku, na kupandisha protini karibu na asilimia 20. Hiyo ni takriban nusu ya nishati, si sifuri. Ni kiasi ambacho mtu anaweza kuishi nacho miaka, harusini na msibani.

Punguza robo robo

Charaka ana kanuni ya kuacha mazoea mabaya: yaache kwa robo, na jema liingie kwa robo ile ile, kwa sababu mwili uliozoea jambo, hata likiwa baya, huugua ukinyang'anywa ghafla. Waliowahi kuingia keto kwa kishindo wanajua maumivu ya kichwa, kizunguzungu na misuli kukaza ya wiki ya kwanza, sehemu kubwa ikiwa ni maji na chumvi vinavyotoka na mkojo.

Robo ya kwanza ni sukari ya kunywa. Soda, juisi ya boksi, na juisi ya matunda ya nyumbani pia, hata kama haikutiwa sukari. Chai nayo ishuke kijiko kwa kijiko. Ugali uache kama ulivyo wiki hiyo. Kwa watu wengi hatua hii peke yake inaondoa gramu nyingi kuliko wanavyodhani.

Robo ya pili ni asubuhi. Maandazi, vitumbua, mkate mweupe na chapati vipishe choroko, kunde, mayai au mabaki ya mboga za jana. Najua chai bila kitafunio ni msiba kwa wengine. Weka karanga za kuchemsha.

Robo ya tatu ni usiku, na hapa Ayurveda na fiziolojia zinashikana mikono. Vaidya anasema moto wa kusaga uko juu jua likiwa kichwani na unafifia jioni. Watafiti nao wameona mwili unaimudu sukari vizuri zaidi mapema kuliko usiku. Basi nafaka ya siku iwe ya mchana, na mlo wa usiku uwe mapema, mwepesi, wa moto: mchuzi wa choroko, mchicha, bamia, samaki kidogo. Ugali mkubwa wa saa tatu usiku, halafu kitanda, ndiyo tabia ya kwanza ningeipiga vita kama ningeruhusiwa kuchagua moja.

Robo ya nne ni ukubwa wa kipande cha mchana. Ugali ujae nusu ya kiganja chako, mboga ijae viganja viwili. Ayurveda inaligawa tumbo pia: sehemu mbili chakula kigumu, moja kimiminika, moja iachwe wazi. Huhitaji mizani, ukisikia unaweza kula kidogo zaidi, hapo simama. Kisha tembea. Wamarathi wa magharibi mwa India wana desturi ya hatua mia baada ya kula, shatapavali. Dakika 10 hadi 15 za kutembea taratibu mara baada ya mlo hushusha sukari ya mlo huo, na hilo utaliona mwenyewe kwenye mita.

Kuna mahali ambapo wakubwa hawa wawili wanagombana. Sayansi inasema wali au viazi vilivyopoa vina wanga fulani usiosagika, hivyo sukari haipandi sana. Ayurveda inakataa kiporo. Mimi niko na Ayurveda hapa, kwa sababu nyingine: faida ya kupoza ni ndogo, na wali uliolala nje ya friji huzaa vijidudu ambavyo kupasha moto hakuondoi sumu yake.

Karela, choroko na maziwa ya kupiga

Uchungu ni ladha ambayo jiko letu limeisahau, na Ayurveda huitegemea kupunguza kapha. Karela, mboga chungu ya kijani yenye nundu, ndiyo mwalimu wake. Utaipata mahali wanaponunua Wahindi, Kisutu pale Dar es Salaam au Marikiti ya Mombasa. Chagua changa, kijani iliyokoza, ngumu mkononi. Ukiipasua mbegu ziwe nyeupe; zikiwa na utando mwekundu imekwisha komaa.

Parua zile nundu za juu kwa kisu, pasua katikati, toa mbegu, kata vipande vyembamba. Nyunyizia chumvi na manjano, changanya kwa mkono, acha nusu saa. Utaona maji ya kijani yamejaa chini ya bakuli: kamua vipande mpaka viganja vikuume, umwage maji hayo. Weka kijiko kimoja cha samli kwenye kikaango, ikishapata moto tupia bizari nyembamba, na zikianza kupasuka tia mvuje kiasi cha kuokota kwa ncha za vidole viwili. Kitunguu, kisha karela. Moto mdogo, bila kufunika, dakika 15 hadi pembe zianze kuwa kahawia. Uchungu hautaondoka wote. Usijaribu kuuficha kwa sukari guru kama wanavyofanya baadhi ya Wagujarati, maana utakuwa umerudisha ulichokiondoa.

Choroko ni rahisi. Loweka, chemsha na kipande cha tangawizi na manjano, ponda nusu, ziunge kwa samli na kitunguu saumu, mwishoni giligilani mbichi. Acha nazi nzito siku nyingi. Tui jepesi linatosha. Mtindi ambao Charaka aliukataza unageuka dawa ukipigwa: sehemu moja ya mtindi, tatu za maji, piga mpaka mafuta yaelee, yaondoe, tia chumvi na bizari nyembamba iliyokaangwa na kusagwa. Kunywa mchana, na usiku acha. Uwatu nao, kijiko cha chai kilicholowekwa usiku na kutafunwa asubuhi, hushusha sukari kiasi, na jasho lako litanuka uwatu. Mjamzito asiutumie kama dawa.

Dawa zako, na dawa zao

Sehemu hii usiiruke. Ukiwa unadunga insulini, au unameza glibenclamide au gliclazide, kupunguza wanga bila kupunguziwa dawa kutakuangusha: jasho la baridi, mikono kutetemeka, maneno kupotea. Sukari chini ya 4.0 ni hatari. Meza sukari hapo hapo, mlo utasubiri. Anayetumia dapagliflozin au empagliflozin asiingie keto kabisa bila daktari wake, kwani dawa hizo zinaweza kuleta tindikali ya damu hata mita ikionyesha sukari ya kawaida. Dawa za presha nazo mara nyingi huhitaji kupunguzwa mwili unapopungua. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto na mwenye figo mbovu wabaki nje ya mpango huu mpaka mtaalamu aseme.

Halafu zipo dawa zinazouzwa kwa jina la Ayurveda. Chakula chake nakipendekeza bila woga. Vidonge vyake vya chupa ni habari nyingine. Tawi lake moja hutumia zebaki na madini mengine yaliyochomwa kwa utaratibu wa jadi. Mwaka 2004 watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston: 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa kwa intaneti, na moja katika kila tano ilikuwa na madini hayo. Kwa hiyo vumbi jeusi la "kusafisha kongosho" alilokuletea mtu kwenye begi usilimeze. Ukimtafuta vaidya, uliza kama ana shahada ya BAMS, masomo ya miaka mitano na nusu yanayotambuliwa na serikali ya India, na kwa aliyeko Tanzania uliza usajili wake katika Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Anayekuambia uache insulini, muage hapo hapo.

Baada ya miezi mitatu

Rudi maabara. Pima HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi hiyo), mafuta ya damu na figo. Wapo ambao lehemu yao mbaya hupanda sana wakila mafuta mengi, na hawatajua bila kupima. Ikikupata, punguza samli na nyama nono, ongeza choroko na samaki, pima tena.

Mambo yakiwa mazuri, anza kurudisha nafaka, kwa maana Ayurveda haikukusudia mtu aishi maisha yote kwenye mlo wa mgonjwa. Anza na shayiri au mtama, nusu kikombe kilichopikwa, mchana. Pima sukari saa mbili baada ya kula. Ikiwa chini ya 10, endelea hivyo hivyo wiki nzima kabla ya kujaribu wali, nao uwe wa mchele mkuukuu. Ikipita 10, punguza kipimo au badilisha nafaka; usibadilishe vyote viwili siku moja, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.